Ubao Ulioungua

Kazi ya kutengeneza vyombo vya sauti, msomaji wangu, ni kazi ya pua kabla haijawa kazi ya mikono. Mtu akifika katika kibanda changu mjini Kakamega na kuweka chombo chake mezani, mimi huinama nikakinusa kwanza, hata kama mwenyewe ameanza kunisimulia jinsi kilivyonyamaza. Kapasita iliyovuja hutoa harufu ya samaki aliyelala. Transfoma iliyozidiwa na joto hutoa harufu ya vanishi iliyoungua. Lakini ubao wa saketi uliokwisha kuwa makaa una harufu yake peke yake, kali, yenye uchungu, inayoshika nguo na kukaa kooni mpaka jioni. Wateja hucheka wanionapo nikinusa. Yuko mmoja aliyeniambia kwamba ningepata bei nzuri katika soko la Lubao, kule barabara ya Webuye, ambako watu wetu huuza na kununua mbwa. Na wacheke. Pua imeniepusha mara nyingi na taabu ya kufungua chombo kwa upande usiofaa.

Nataka kukueleza habari za ubao mmoja tu, kwa sababu ndani yake yamo mambo mengi unayofundishwa shuleni kwa chaki, na kwa sababu ubao huo ulikaribia kuwaangamiza watoto watatu.

Mzee mmoja, mkulima wa miwa wa pande za Mumias, alikuwa akija Kakamega katika motokaa yake, na wajukuu wake watatu wameketi kiti cha nyuma. Motokaa hiyo ni Peugeot 504, jamaa ya zile zilizoshinda mashindano ya Safari mwaka 1975 na mwaka 1978, na mzee huitunza kama mtu atunzavyo ng'ombe wa maziwa. Chini ya kiti cha mbele alikuwa amefungiwa, tangu miaka ya 1980, kikuza sauti kilichotengenezwa Japani. Amplifaya, kama tuiitavyo sisi mafundi. Kaseti ilikuwa ikicheza. Walipokaribia mjini sauti ya upande wa kushoto ikakatika, kisha ya kulia, kisha moshi ukafuka chini ya kiti. Mzee akaegesha motokaa kando ya barabara, akawatoa watoto mmoja mmoja, akafungua boneti, akaung'oa waya wa betri kwa mkono mtupu. Watoto hawakupata dhara lolote. Alipofika kwangu siku hiyo, ambayo ilikuwa Alhamisi, alikuwa amebeba amplifaya katika gunia kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na malengelenge.

"Mwanangu," akasema, "nitengenezee kitu hiki. Jumamosi nina safari ya kwenda Butere kwa habari ya mahari ya mpwa wangu, na motokaa hii bila muziki si motokaa yangu."

Watu walikuwa wamemshauri akitupe anunue kipya, kwa kuwa vipya vimejaa madukani. Mimi sikumshauri hivyo. Si kwamba kila kitu cha zamani ni bora. Nimefungua vyombo vya zamani ambavyo hata siku vilipotoka kiwandani vilikuwa aibu. Lakini chombo cha miaka ile kina fadhila moja kubwa kwa fundi maskini: viungo vyake ni vikubwa, vimepandwa kwa nafasi, na mkono wa binadamu waweza kuingia. Katika vyombo vingi vya siku hizi viungo ni vidogo kama punje za wimbi, na kimoja kikiungua hufa pamoja na jirani zake wote. Hapa mjini kwetu huja pia vijana wakiniomba mbao za saketi zilizokufa ili watoe dhahabu. Nawaelewa, kwa sababu Kakamega ni mji uliopata kuvamiwa na wachimba dhahabu katika miaka ya 1930, na mpaka leo watu huchimba Rosterman na kwingineko. Hata hivyo ubao wa amplifaya ya motokaa ni shaba na lehemu tu, na shaba yenyewe ni haba kuliko unavyodhani.

Kabla sijaendelea na habari ya moto, yafaa ujue kwa nini motokaa inahitaji chombo cha namna hii. Betri ya motokaa ina msukumo wa volti 12. Spika ya kawaida ya motokaa ina ukinzani wa omu 4. Sauti ni wimbi, kwa hiyo umeme lazima uisukume spika mbele na kuivuta nyuma. Kwa njia iliyo rahisi kuliko zote, volti zile 12 hugawanywa, 6 za kwenda na 6 za kurudi. Chukua 6, uizidishe kwa yenyewe upate 36, kisha ugawe kwa mara mbili ya ukinzani, yaani 8. Jibu ni wati 4 na nusu. Katika sebule tulivu wati 4 na nusu zatosha kabisa. Katika motokaa inayonguruma juu ya changarawe, madirisha yakiwa wazi na abiria wakibishana, ni mnong'ono.

Ndiyo sababu ndani ya amplifaya mna sehemu mbili. Ya kwanza huukatakata umeme wa betri maelfu ya mara katika kila sekunde, huupitisha katika transfoma yenye umbo la bangili, na kuutoa upande wa pili ukiwa na msukumo mkubwa zaidi. Katika chombo cha mzee ulikuwa volti 25 za kwenda na 25 za kurudi. Sehemu ya pili hutumia msukumo huo kuikuza sauti. Rudia hesabu ile ile kwa 25 badala ya 6, utapata wati 78 kwa kila spika, kama hakuna kinachopotea njiani; na siku zote kipo kinachopotea. Jambo hili la kukatakata umeme ni la zamani. Redio za motokaa zilipoanza kuenea Marekani katika miaka ya 1930, zikiwamo zile za ndugu wawili Paul na Joseph Galvin wa Chicago walizoziita Motorola, zilitumia valvu za kioo ambazo hazikutosheka na msukumo wa betri. Mafundi wa wakati ule waliweka ndani yake ulimi mdogo wa chuma uliotetemeka na kuvuma kama nyuki, ukiukata umeme na kuuachia. Transista imeichukua kazi ya ulimi ule, na haivumi.

Lakini wati zinazotoka sharti ziingie kwanza. Amplifaya ya mzee, ikipigishwa kwa nguvu, huvuta kwenye betri mkondo wa ampea 20 au zaidi. Taa kubwa mbili za mbele za motokaa, zenye wati 55 kila moja, huvuta kiasi cha ampea 9 kwa pamoja. Kwa hiyo kijisanduku kile chini ya kiti kilikuwa kikinywa zaidi ya mara mbili ya zinavyokunywa taa zote mbili, na mkondo huo wote ulipita mahali pamoja: nukta moja ya lehemu, pana kama ukucha wa kidole kidogo, ambapo kiungo cha waya mnene wa betri kilishikamana na ubao.

Sasa tutazame ubao wenyewe. Zamani viungo vya redio viliunganishwa kwa nyaya, moja moja, kwa mkono wa mtu. Paul Eisler, mzaliwa wa Vienna aliyeijua kazi ya uchapaji, alikimbilia Uingereza mwaka 1936, na huko akafikiri kwamba njia za umeme zingeweza kuchapwa juu ya ubao kama vile maandishi yachapwavyo juu ya karatasi. Mwaka 1943 aliomba hati ya kuilinda fikira hiyo. Hakuna chombo cha umeme mfukoni mwako au nyumbani kwenu leo ambacho hakidaiwi shukrani na mtu yule. Ubao wa namna hii hupakwa ngozi ya shaba, kisha shaba isiyotakiwa huondolewa kwa dawa, zikabaki njia. Unene wa ngozi hiyo kwa kawaida ni sehemu 35 za elfu ya milimita, ambao ni kama theluthi ya unene wa wembe wa kunyolea. Katika wembamba huo ndimo unamopita mkondo wa kuendesha ngoma za harusi.

Nilipoufungua ubao wa mzee niliona doa jeusi kubwa kuliko sarafu ya shilingi 20, na katikati yake shimo palipokuwa na nukta ile ya lehemu. Shaba ilikuwa imejikunja na kuchanuka kama ganda la mgomba lililokauka. Kuona doa ni jambo jepesi. Kazi ilikuwa kujua lilianzaje, maana ukitengeneza mahali palipoungua bila kujua kilichopaunguza, umetengeneza mahali pa kuungulia tena.

Lilianza hivi. Waya wa betri ni mnene na mzito, nao ulining'inia kwenye kiungo ambacho hakikushikwa na skrubu wala kitu kingine, ila lehemu peke yake. Lehemu ni laini. Barabara zetu unazijua. Kwa miaka mingi waya ule ulitikisika, ukavuta, ukatikisika, hata pakatokea ufa wa mviringo kuizunguka nukta, mwembamba kuliko unywele. Umeme ukawa unapita mahali pembamba, na mahali pembamba hukinza. Tuseme ukinzani wa ufa ule ulifika sehemu moja ya kumi ya omu, kitu kidogo ambacho mita nyingi za mafundi hazikioni. Sheria uliyosoma darasani yasema joto hutokana na mkondo uliozidishwa kwa mkondo, kisha kwa ukinzani: 20 mara 20 ni 400, na sehemu moja ya kumi ya 400 ni 40. Wati 40. Chuma changu cha kulehemu, hiki ninachokishika kila siku ili kuyeyusha lehemu, kimeandikwa ubavuni: wati 40. Maana yake ni kwamba chini ya kiti cha mzee palikuwa na chuma cha kulehemu kilichowashwa, kimechomekwa ubaoni, na hakuna mtu aliyekishika.

Hapo bila shaka utauliza: fyuzi ilikuwa wapi? Naipenda sana hoja hii, kwa kuwa jibu lake lina pande mbili na watu wengi hujua upande mmoja tu. Fyuzi hukatika mkondo unapozidi. Ufa hauongezi mkondo, bali huupunguza kidogo. Kwa hiyo wakati wote ubao ulipokuwa ukikaangika taratibu, labda kwa miezi, fyuzi nzuri kuliko zote duniani isingeona lolote. Ni kama askari wa lango aliyeambiwa awahesabu watu waingiao. Hana habari ya mtu anayewasha moto uani.

Upande wa pili ndio uliotaka kuua. Ubao wa saketi haupitishi umeme. Ndiyo kazi yake, kuitenga njia moja na nyingine. Lakini ukiungua huwa makaa, na makaa ni kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Kijiti cheusi kilicho katikati ya betri ya tochi ni kaboni hiyo hiyo, nacho kimewekwa humo makusudi ili kiupitishe. Basi ukuta uliokuwa ukitenganisha njia chanya na njia hasi ukageuka daraja. Kwanza ulipita mkondo mdogo juu ya daraja hilo, ukaleta joto. Joto likaleta makaa zaidi. Makaa yakapanua daraja. Na siku ile karibu na mji umeme wote wa betri ukapita kwa mkupuo. Sasa ndipo fyuzi ilipopaswa kukatika mara moja. Nilipokitazama kishikio chake sikuiona fyuzi ya ampea 30. Niliona waya mnene wa shaba, umezungushwa mara tatu kwa ustadi, ambao ungebeba mkondo mara nyingi zaidi ya ule bila kuyeyuka.

Nimekwisha kuona mengi katika vishikio vya fyuzi: karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, msumari, kipande cha hereni. Aliyeufunga waya ule huenda alifanya hivyo usiku, njiani, mvua ikinyesha, ili mzee afike nyumbani, na ya njiani simlaumu mtu. Ninalolilaumu ni kwamba hakumwambia mwenye motokaa. Kesho yake fyuzi ingenunuliwa kwa bei ya chapati chache.

Nikiwa nalitazama doa lile, fundi mwenzangu wa kibanda cha pili akaja akachungulia begani kwangu. "Kwani unangoja nini?" akaniuliza. "Lehemu waya juu ya hilo jeusi, pitisha rangi, mpe mzee chombo chake. Jioni atakuwa anacheza muziki." Alilosema halikuwa uongo. Kingecheza, tena siku ile ile; mzee angefurahi, na mimi ningelipwa. Niliviondoa ubaoni viungo vyote vilivyozunguka doa, pasibaki chochote ambacho umeme ungeweza kupitia, kisha nikaweka ncha za mita juu ya njia mbili ambazo hazikupaswa kujuana kamwe. Sindano ikainuka na kusimama kwenye omu 300. Fanya hesabu: volti 12 juu ya omu 300 ni wati nusu hivi. Wati nusu haichemshi hata kijiko cha chai, lakini ilikuwa imekaa ndani ya makaa yaliyokwisha kujua njia ya kukua. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamfichua, na rangi ya kijani juu ya kaboni ni njia mojawapo ya kuficha maradhi.

Nikaanza kukata. Kukata huku, msomaji, ni kazi ya subira. Unatumia kisu kidogo chenye ncha na keekee nyembamba kama ya daktari wa meno, unakwangua cheusi, unasafisha kwa spiriti, unapima, unakwangua tena. Macho hayatoshi kuwa shahidi, kwa kuwa ubao huanza kupitisha umeme hata pale ulipobadilika rangi kuwa kama chai tu. Ijumaa asubuhi mzee alipita kunijulia hali, akanikuta nimelipanua lile shimo mpaka likawa sawa na kifuniko cha chupa ya soda, na bado naendelea.

Akasimama kimya kidogo. "Mwanangu," akasema, "nilikuletea mgonjwa, sikukuletea maiti. Mbona wapasua?"

Sikumjibu kwa maneno. Nilimsogezea mita, nikaweka ncha zake juu ya ubao mzima, sindano ikalala. Nikaziweka juu ya ukingo wa kahawia, sindano ikainuka. Nikarudia mara ya pili ili aone kwamba haikuwa bahati. Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Basi ni kama ule ugonjwa wa miwa," akasema, "unaotoa kiboko cheusi kileleni. Ukikata kiboko peke yake, umeupalilia. Hung'olewa shina zima."

Nikamwambia ndivyo hasa, tena kwamba gundi itahitaji usiku kucha kukauka, na kwa hiyo Jumamosi ataendesha bila muziki. Jambo hili halikumpendeza. Alitaja habari ya mpwa wake, akataja wakwe watakavyomsikia akifika na gari lililo bubu kama la posta, na mimi nikakaa kimya mpaka akamaliza. Kisha akaenda zake, na sikujua kama atarudi kukichukua chombo au atatuma mtu akichukue kilivyo.

Sindano ilipolala pande zote, nilichukua ubao mwingine uliokufa zamani, wenye unene ule ule, nikakata kipande cha kuziba shimo, nikakikwaruza kwa msasa kingo zote ili gundi ishike. Gundi yenyewe ni ile ya mirija miwili, ambayo haigandi mpaka ya mrija mmoja ichanganywe na ya mwingine. Hewa ya Kakamega ina unyevu mwingi na usiku ni baridi, na gundi hii haipendi vyote viwili. Nikauweka ubao karibu na taa ya karabai. Alasiri mvua ilikuwa imeshuka na radi, kama ilivyo desturi ya mji wetu, na stima ikapotea mpaka asubuhi. Wageni husikitika kwa ajili yetu. Lakini kwa viungo vinene chuma cha stima hakifai sana. Chafaa kile kizito cha zamani chenye kichwa cha shaba, kinachotiwa katika jiko la makaa, kwa sababu hubeba joto jingi kwa mara moja na kulimimina kabla ubao haujapata nafasi ya kuungua. Jumamosi nilifanya kazi kwa chuma hicho, dirisha likiwa wazi. Ukijifunza kazi hii usisahau dirisha, na usisahau kunawa kabla ya kula, maana lehemu ya vyombo vya zamani ina risasi, na risasi ni sumu isiyo na ladha.

Njia ya shaba iliyoungua sikuirudisha kwa shaba nyembamba. Ilikuwa na upana wa milimita 10; pamoja na wembamba wake ule, nafasi ya kupitia umeme haikuzidi theluthi ya milimita moja ya mraba au zaidi kidogo. Niliweka badala yake waya wa milimita 2.5 za mraba, mara saba ya ilivyokuwa, nikaulaza mbali na njia hasi. Kiungo cha betri nilikitoboa na kukifunga kwa skrubu kwenye gamba la alumini, nikakitenga kwa kipande cha plastiki ngumu, ili tangu siku hiyo uzito wa waya ubebwe na skrubu, na lehemu ifanye kazi ya kupitisha umeme tu. Transista mbili kati ya nne za kukatakata umeme zilikuwa zimekufa. Nilizibadilisha zote nne, kwa sababu jozi ya mzee na kijana haivuti jembe sawasawa. Nilikuwa na nne zilizofanana katika kopo langu, na hiyo ilikuwa bahati.

Sasa nitakueleza kifaa ninachokithamini kuliko mita. Ni taa ya mbele ya motokaa, volti 12, wati 55, ya kuokota katika gari lililogongwa. Naifunga kati ya betri na chombo ninachokijaribu, umeme upite kwenye taa kwanza. Kama ndani ya chombo kuna njia ya mkato, taa itawaka kwa nguvu zake zote na kuuzuia mkondo usizidi ampea 4 na nusu hivi. Hakuna kitakachoungua, na mimi nitakuwa nimeambiwa. Kama chombo ni kizima, taa itameta mara moja kapasita zinapojazwa, kisha itafifia. Ni mtihani usiokubali rushwa.

Niliiwasha. Taa ikameta, ikafifia nusu, ikabaki hapo, nyekundu kama jicho la mtu asiyelala. Ule ubao mpya nilikuwa nimeupima mara tano, kwa hiyo niliuacha nikatafuta kwingine. Transista za sehemu ya pili, zile za kukuza sauti, hukaa juu ya gamba la alumini ili zipoe, lakini hazitakiwi kuligusa. Kati yake na gamba huwekwa karatasi ya ulanga, ambayo hupitisha joto na kuzuia umeme. Karatasi moja, iliyokaa humo tangu siku ya kiwandani, ilikuwa imekatika ukingoni. Chombo kile kilikuwa na maradhi mawili, na lile kubwa lilikuwa limelifunika dogo. Nikaweka karatasi mpya, nikaipaka mafuta yake, nikawasha. Taa ikameta, ikazimika kabisa.

Jumatatu mzee alikuja mwenyewe. Hakusema lolote kuhusu Butere, nami sikuuliza. Kabla ya kukirudisha chombo chini ya kiti nilivuta waya mpya kutoka kwenye betri, nikauvika mpira pale upitapo katika tundu la bati, na nikaweka kishikio cha fyuzi si zaidi ya shubiri mbili kutoka kwenye betri, kwa sababu waya wote ulio kabla ya fyuzi hauna mlinzi. Fyuzi ya ampea 30 ikaingia, na nyingine tano nikampa mzee azitie katika sanduku la vitu vya safari.

Akachagua kaseti yeye mwenyewe. Ilikuwa gitaa la omutibo, la George Mukabi, yule mwana wa Kisa aliyefariki mwaka 1963. Kwa fundi hakuna kipimo kizuri kuliko muziki ule. Nyuma ya gitaa mtu hugonga chupa ya soda, na sauti ya chupa ni nyembamba, kavu, haivumilii hila. Chombo chenye kasoro huigeuza kuwa bati. Tulisikiliza milango ikiwa wazi. Chupa ilisikika kuwa chupa. Nikainama nikaingiza pua chini ya kiti, nikakaa hapo wimbo mzima, na harufu niliyoipata ilikuwa ya vumbi na ya mkeka wa zamani.

Mzee akanilipa tulichopatana. Kisha akaniuliza kama nilikuwa nimevitupa vile vipande vyeusi nilivyovikata, pamoja na ule waya wa shaba uliozungushwa mara tatu. Vilikuwa bado katika kibati juu ya meza. Akaomba gazeti, akavifunga vizuri kama mtu afungavyo sukari, akavitia katika mfuko wa koti. Akasema anamjua kijana aliyemfungia waya ule, na kwamba nyumbani kwake si mbali na njia.